Baridi ya Julai Nyanda za Juu Kusini haitokani na jua kwenda mbali

Kila kipupwe kinapoingia, ujumbe uleule hurudi kwenye makundi ya WhatsApp ya Mbeya, Njombe na Iringa. Unasema kuanzia kesho alfajiri dunia itakuwa mbali kabisa na jua. Umbali wa kawaida, unadai, ni kilomita milioni 90, na sasa utafika milioni 152. Baridi itakuwa kali kuliko ya mwaka jana mpaka Agosti, kwa hiyo tujikinge na mafua, tunywe maji ya moto, tuwatumie wote tunaowapenda. Anayeupokea akiwa Makete, vidole vimekufa ganzi na nyasi za uani zimekuwa nyeupe, ana kila sababu ya kuuamini. Anausambaza.

Kinachonishangaza ni kwamba wengi wanaousambaza wamesoma jiografia ya sekondari. Katika muhtasari uliotumika kwa miaka mingi, mfumo wa jua, hali ya hewa, tabianchi na kazi za ramani vyote viliwekwa kidato cha kwanza. Walivisoma, wakafanyia mitihani, wakafaulu. Ila walivisoma kama vitu visivyojuana: mfumo wa jua Februari, ramani Septemba, na katikati yake hakuna aliyewaambia kwamba baridi wanayotoka nayo nyumbani asubuhi inahitaji mada zote hizo kwa pamoja ili ieleweke. Na kama kuna mahali Tanzania ambapo mwalimu angeweza kuziunganisha bila hata picha ya kitabuni, ni huku kwetu.

Kabla hatujafika mbali, maneno manne yawekwe sawa, kwa sababu nusu ya ubishi wa mtandaoni unatokana na kuyachanganya. Hali ya hewa ni yanayotokea angani leo, kesho au wiki hii: mvua, upepo, ukungu, joto la mchana huu. Tabianchi ni tabia ya mahali kwa muda mrefu, na wataalamu huichukua kwa wastani wa miaka 30. Kwa hiyo mtu anayesema "mwaka huu baridi imezidi, tabianchi imebadilika" ameruka ngazi. Mwaka mmoja ni hali ya hewa, haujawa tabianchi. Latitudo ni umbali wa mahali kutoka ikweta, kaskazini au kusini, unaopimwa kwa nyuzi. Mwinuko ni urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yatakayotubebea mzigo mkubwa.

Namba za ule ujumbe

Tuanze na namba, maana ndizo zinazoupa ujumbe sura ya kitaalamu. Umbali wa wastani kati ya dunia na jua ni karibu kilomita milioni 150. Milioni 90 haijawahi kuwa kawaida ya sayari hii. Njia ambayo dunia hupita kulizunguka jua haiko duara kamili, imebonyea kidogo, hivyo mwanzoni mwa Januari tunakuwa karibu zaidi, kama kilomita milioni 147, na mwanzoni mwa Julai, kati ya tarehe 3 na 6 kutegemea mwaka, tunakuwa mbali zaidi, kama milioni 152. Namba 152 basi ni ya kweli. Aliyeutunga ujumbe alichukua namba moja sahihi akaiweka jirani na ya kubuni, na ya kubuni ikapata heshima ya jirani yake.

Mwanafunzi anaweza kumkamata kwa hesabu ya kugawanya tu. Ujumbe unadai mwanga wa jua hutufikia kwa dakika 5. Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Gawanya milioni 150 kwa 300,000, unapata sekunde 500, yaani dakika 8 na sekunde 20. Na kama kweli umbali ungetoka milioni 90 ukafika 152, mwanga tunaoupata ungebaki kama theluthi moja ya ule wa mwanzo. Tusingekuwa tunazungumzia mafua na masweta.

Tofauti halisi ya Januari na Julai ni kilomita milioni 5. Ni kubwa ukiitamka, ila ni kama asilimia 3 ya umbali wote, na inapunguza mwanga unaoifikia dunia kwa takriban asilimia 7. Asilimia 7 si sifuri, na sitaki kumpotosha mtu kwa upande mwingine kwa kumwambia haina kazi yoyote. Lakini angalia kwa wenzetu. Julai hiyohiyo, dunia ikiwa mbali zaidi na jua, Ulaya wako kwenye kiangazi. Januari, dunia ikiwa karibu zaidi, wao ndio wanaokwangua theluji barabarani. Dunia ni moja. Haiwezi kuwa mbali kwa Makete na karibu kwa London siku hiyohiyo.

Hapo ndipo penye mtego wetu sisi tulio kusini mwa ikweta. Mtu wa Ulaya akiambiwa baridi inaletwa na umbali wa jua, kalenda yake mwenyewe inamkatalia. Ya kwetu inakubali. Miezi yetu ya baridi imeangukia palepale ambapo dunia iko mbali, kwa hiyo dhana isiyo sahihi inathibitishwa na ngozi zetu kila mwaka. Ndiyo maana ujumbe huu haufi.

Dunia imeinama

Kinacholeta misimu ni kwamba dunia huzunguka ikiwa imeinama. Mhimili wake, ule mstari wa kufikirika unaopita ncha ya kaskazini na ya kusini, umelala kwa nyuzi 23.5, na unaelekea upande uleule mwaka mzima. Kwa hiyo kuna miezi ambayo nusu ya kaskazini ya dunia imelielekea jua, na kuna miezi ambayo ni zamu ya kusini. Juni ni zamu ya kaskazini.

Tuiweke Mbeya mjini ndani ya hesabu hiyo. Mji uko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Tarehe 21 Juni jua la utosini liko kwenye Tropiki ya Kansa, nyuzi 23.5 kaskazini, usawa wa jangwa la Sahara. Jumlisha 9 na 23.5, unapata 32.5. Hizo ndizo nyuzi ambazo jua la mchana limeegemea kaskazini kutoka utosini mwa mtu aliyesimama Mwanjelwa, hapohapo mjini. Ukifika mwishoni mwa Desemba limehamia upande wa kusini, na limeegemea nyuzi 14.5 tu. Mwanga unaokuja kwa kuegemea hutandazwa kwenye eneo kubwa zaidi, kwa hiyo kila hatua ya shamba inapata kidogo. Mchana nao unafupika: huku kwetu mchana wa Juni ni mfupi kuliko wa Desemba kwa karibu saa nzima.

Jua hupita utosini kabisa pa Mbeya mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Februari tuko ndani ya mvua, mawingu yanalizuia, hatulioni ukali wake. Oktoba anga ni tupu na ardhi ni kavu. Hiyo ndiyo sababu watu wa Mbeya hulalamikia joto na vumbi Oktoba na Novemba, wakati ndugu zao wa Dar es Salaam husubiri Januari na Februari ndipo waanze kulalamika.

Sasa mwanafunzi makini atasimama hapa. Kuinama kwa dunia kunaeleza kwa nini Julai ni baridi kuliko Desemba, sawa. Lakini kunaihusu Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, kama kunavyoihusu Makete, huku juu milimani. Mbona Kyela Julai hawalali na boshori kichwani?

Kutoka Kyela hadi Uyole

Angalia ramani kwanza, kwa sababu ina jambo la kushangaza. Wengi wetu tumekaririshwa kwamba ukikaribia ikweta joto linaongezeka. Kyela iko kusini kuliko Mbeya mjini, na iko kusini kuliko Makete mjini. Kwa kanuni hiyo peke yake, Kyela ndiyo ingekuwa na baridi zaidi. Ukweli ni kinyume chake kabisa. Latitudo, katika umbali mdogo namna hii, inashindwa nguvu na mwinuko.

Panda Kosta Kyela asubuhi ya Julai. Uso wa Ziwa Nyasa uko kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, na tambarare ya Kyela iko juu yake kidogo. Dirishani ni mashamba ya mpunga, michikichi, mikakao. Abiria wamevaa mashati mepesi. Barabara inaanza kupanda, na ukifika Tukuyu, karibu mita 1,500, mpunga umeshaisha siku nyingi. Sasa ni migomba iliyoficha nyumba na chai iliyonyolewa sawasawa kwenye miteremko. Madirisha yanaanza kufungwa. Kiwira wanauza ndizi, nawe unaona wauzaji wenyewe wamejifunika vitenge juu ya masweta. Kisha unaingia safu ya Uporoto, pande za Isongole, zaidi ya mita 2,000, na migomba imepotea. Ni viazi mviringo, kabichi na pareto, ukungu umelala barabarani, na mtu aliyepanda Kyela na shati lake jepesi anaanza kuulizia jaketi lililoko kwenye begi chini ya kiti. Halafu gari linateremka kuelekea Uyole, pembeni mwa jiji la Mbeya, na joto linarudi kidogo.

Safari hiyo haifiki kilomita 150. Umepita kanda za mazao ambazo ukitaka kuzipata kwa kusafiri tambarare itabidi uvuke nchi kadhaa. Mkulima wa Rungwe hahitaji kipimajoto kujua aliko; zao linalokubali shambani mwake linamwambia.

Kanuni ya darasani inasema hivi: kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto la hewa hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi. Mbeya mjini iko kama mita 1,700, kwa hiyo ukilinganisha na pwani unatarajia pungufu ya nyuzi 11. Uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600. Pungufu ya nyuzi 17. Kama pwani ni nyuzi 26, Kitulo panabaki 9, na hapo bado hatujagusa usiku wala upepo. Ni wastani, tusiutumie kama mizani ya dhahabu, lakini unakaribia ukweli kuliko ujumbe wowote wa WhatsApp.

Swali ambalo kila mwalimu wa jiografia ameshaulizwa ni hili: "Mwalimu, mlimani si ndiko karibu na jua? Mbona hakuna joto?" Ni swali zuri, lisichekwe. Kilele cha Rungwe kiko karibu mita 2,960. Ukipanda mpaka juu umelisogelea jua kwa kilomita zisizofika tatu, kati ya kilomita milioni 150. Hujasogea. Jambo la msingi zaidi ni kwamba hewa haipati joto lake moja kwa moja kutoka kwenye jua. Miale mingi hupita hewani bila kuipasha sana, inafika ardhini, ardhi inapata moto, kisha ardhi ndiyo inayoipasha hewa kutoka chini kwenda juu. Hewa iliyopashwa inapanda, na inapopanda inakuta mgandamizo umepungua, inatanuka, na kutanuka kunaipooza. Huko juu hewa ni nyepesi na kavu, haina uwezo wa kushika joto jingi.

Aliyewahi kuishi Makete au Kitulo anakijua kitu hiki mwilini hata kama hajui maelezo yake. Ukisimama juani saa nane mchana, jua linachoma mpaka mashavu yanakwajuka. Ingia kivulini hatua tatu, unatafuta sweta. Jua ni kali kwa sababu limepita kwenye hewa chache. Hewa ni baridi kwa sababu hiyohiyo. Jikoni nako hewa chache ina kesi yake: mgandamizo mdogo unafanya maji yachemke kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye mwinuko wa Kitulo yanachemka kama kwenye nyuzi 91, na maharage yanakula kuni kwa muda ambao mgeni kutoka Dar haelewi.

Kwa nini ziwa liko chini namna ile na milima iko juu namna hii ni mada ya kidato kingine: Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka, kipande kikazama na ziwa likajaa humo, kingo zikabaki zimesimama, na Milima ya Livingstone inaonekana kama ukuta ukiwa ziwani. Rungwe yenyewe ni volkano. Sitaingia huko leo.

Nyasi nyeupe

Sasa zile picha. Kila Juni na Julai kuna anayepiga picha shamba jeupe Kitulo au Makete na kuandika "theluji yaanguka Tanzania". Mara nyingi kilichopo pichani ni sakitu. Theluji hutengenezwa mawinguni na kudondoka. Sakitu haidondoki popote. Inajijenga palepale kwenye jani, pale jani linapopoa chini ya sifuri na mvuke uliomo hewani kuganda juu yake. Shamba jeupe likionekana msimu wa mvua, baada ya radi na kelele kwenye bati, hiyo ni mvua ya mawe. Dalili ya haraka ya kutofautisha: sakitu hutokea usiku wa anga tupu, tena usio na upepo, na saa tatu asubuhi inakuwa imeshayeyuka.

Anga tupu ndiyo kiini cha jambo. Mchana ardhi inapokea joto, usiku inalirudisha angani. Mawingu hufanya kazi ya blanketi, yanalizuia joto lisiondoke lote. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, kwa hiyo Juni na Julai sehemu kubwa ya Nyanda za Juu haina mawingu usiku, na hewa ya huko juu ni kavu. Ardhi inavuliwa blanketi saa kumi na mbili jioni na kulala wazi mpaka asubuhi. Kwa hiyo saa ya baridi kali kabisa si usiku wa manane kama wengi wanavyodhani. Ardhi inaendelea kupoteza joto usiku kucha, na inafika chini kabisa karibu na jua kuchomoza. Mbeya mwezi Juni jua huchomoza kama saa moja kamili asubuhi. Yaani mtoto anayetembea kwenda shule saa kumi na mbili na nusu anatembea ndani ya dakika za baridi kuliko zote za siku. Wanaopanga ratiba za vipindi vya asubuhi huenda wangeliangalia hili.

Na sakitu haitandi sawasawa. Hewa baridi ni nzito, inateremka taratibu usiku na kukusanyika mabondeni. Wakulima wa Iringa na Njombe wenye vinyungu, yale mashamba ya mabondeni yanayolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki, wanajua uchungu wake: viazi vya bondeni vinaamka majani yakiwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto, wakati vya jirani aliyelima mita chache juu kwenye mteremko viko kijani. Wapo wanaosema jirani ana dawa. Jirani yuko juu ya dimbwi la hewa baridi, basi.

Kuna ubishi mwingine unaozuka hapo. Redio inatangaza kwamba joto la chini lilikuwa nyuzi 3, na mkulima anasema mtaalamu amedanganya, mbona maji kwenye karai yameganda? Wote wawili wako sahihi. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa huwekwa ndani ya kisanduku cheupe chenye mbao za kupitisha hewa, kisanduku cha Stevenson, kilichoinuliwa zaidi kidogo ya mita moja kutoka ardhini. Kinapima hewa ya hapo. Kwenye nyasi, usiku wa anga tupu, joto linaweza kuwa chini ya hapo kwa nyuzi kadhaa. Kisanduku hicho ni mchoro ambao kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza amewahi kuuchora na kupaka rangi, akaambiwa ataje sifa zake. Sijui kama aliambiwa kwamba ndicho kinachogombanisha redio na karai la mama yake.

Upepo nao una mkono wake. Kipupwe ni msimu wa kusi, na kusi inaleta hewa yenye ubaridi kutoka kusini. Inapokutana na mlima hulazimika kupanda, inapoa, mvuke wake unakuwa ukungu na mvua. Ndiyo maana upande wa mashariki wa Mufindi, kwenye chai, unaweza kukaa siku nzima ndani ya ukungu Julai wakati Mafinga, safari fupi tu kuelekea magharibi, anga ni buluu. Ndiyo maana pia miteremko ya Rungwe inayolitazama Ziwa Nyasa hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na bonde la Usangu, nyuma ya milima, hupata chini ya 800. Usangu wanalima mpunga mwingi, ni kweli, lakini wanaulima kwa maji ya mito inayoteremka kutoka milimani, si kwa mvua inayowanyeshea wao.

Somo lenyewe

Utaratibu wa kufundisha jiografia kwa orodha umetuumiza. "Taja mambo sita yanayoathiri tabianchi." Mwanafunzi wa Tukuyu anaandika latitudo, mwinuko, umbali kutoka baharini, upepo, mikondo ya bahari, uoto, anapata alama zote, na mfano wake wa mwinuko ni Kilimanjaro, mlima ambao hajawahi kuuona, huku Rungwe ukiwa dirishani. Sina ugomvi na Kilimanjaro. Barafu yake nyuzi 3 tu kutoka ikweta ni ushahidi mzuri kuliko wote kwamba mwinuko unaishinda latitudo. Lakini mfano unaouona kila siku hausahauliki baada ya mtihani.

Ramani ndiyo inayoachwa nyuma zaidi. Kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, wanafunzi wengi huiona kama alama za vidole zilizochafua karatasi, na swali la kusoma ramani wanalikimbia. Chukua ramani ya kipimio cha 1:50,000 ya pande za Uporoto. Sentimita 2 ni kilomita moja ardhini. Mistari ikibanana, mteremko ni mkali. Ikiachana, ni tambarare. Soma kontua za vijiji viwili, pata tofauti ya mwinuko wao kwa mita, zidisha kwa 6.5, gawanya kwa 1,000, na umeshakisia kijiji gani kina baridi zaidi na kwa nyuzi ngapi. Karatasi ile imekupa hali ya hewa bila kuwa na neno hata moja la hali ya hewa.

Wazazi nao huuliza kama jiografia ni sanaa au sayansi, hasa mtoto anapochagua tahasusi, yale makundi ya masomo ya kidato cha tano na sita. Jibu liko kwenye tahasusi zenyewe: kwa miaka mingi somo hili limekaa na historia na lugha kwenye HGL, na uchumi na hisabati kwenye EGM, na kemia na baiolojia kwenye CBG, na fizikia na hisabati kwenye PGM. Kuna masomo machache yanayokaribishwa nyumba zote hizo.

Kwa anayetaka kuujaribu ule ujumbe wa WhatsApp badala ya kubishana nao, kifaa ni fimbo ya mita moja. Isimamishe wima uwanjani pa shule, Mbeya, na upime kivuli chake kifupi kabisa cha siku. Kuelekea tarehe 21 Juni kitakuwa kama sentimita 63, kikielekea kusini. Katikati ya Oktoba kitakaribia kupotea. Desemba, mtafute mtu aliyebaki likizo akupimie, kitakuwa kama sentimita 26 na kimegeukia kaskazini. Umbali wa jua hauwezi kukigeuza kivuli upande. Kuinama kwa dunia kunaweza.

Atakayejaribu atakutana na jambo moja litakalomtatiza: kivuli kifupi hakitatokea saa sita kamili mchana. Juni kitatokea kama saa saba kasorobo hivi. Saa yake haijaharibika. Saa za Tanzania nzima zimefungwa kwenye longitudo (mstari wa ramani unaotoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini) ya nyuzi 45 mashariki, mstari ambao hata haupiti nchini, uko baharini huko mashariki yetu. Mbeya iko kama nyuzi 33 na nusu. Jua linatumia dakika 4 kuvuka kila nyuzi moja, kwa hiyo linafika kwetu likiwa limechelewa kama dakika 46, na kuna dakika chache za ziada zinazobadilika kwa mwezi. Mtwara wanalisubiri kama dakika 19 tu. Kigoma, kule mwisho wa reli, wanasubiri zaidi ya saa nzima.